Pango la Shimoni nililolikuta Venice

Nimerudi wiki tatu sasa, miguu imepoa, na kijitabu changu cha safari kimekauka baada ya kumwagikiwa chai Addis Ababa. Nayaandika haya kwa kuunganisha vijimaneno vya kijitabu na picha 611 za simu, nyingi zikiwa za kuta, dari na viungo vya mbao. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Mombasa, zile za kupeleka kaunti zikagongwe muhuri. Usanifu majengo sikusomea chuo kikuu. Nilianza kwa kushika rula kwenye ofisi ya watu.

Kisa cha kwenda ni hiki. Mwezi Mei nilisoma kwamba kwenye Biennale ya usanifu majengo ya Venice, maonyesho ya mataifa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka huu wa 2025, Uingereza imelikabidhi banda lake kwa Kabage Karanja na Stella Mutegi wa Cave_bureau, ofisi ya wasanifu ya Nairobi, pamoja na wenzao wa Uingereza, Owen Hopkins na Kathryn Yusoff. Nikaendelea kusoma, nikakuta neno "Shimoni". Mama yangu ni mzaliwa wa Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya. Nilifunga simu, nikaifungua tena kuhakikisha.

Viza iliniganda miezi miwili. Ada ni yuro 90, juu yake kuna ada ya wakala anayepokea fomu, kuna bima ya kulipia matibabu hadi yuro 30,000, na nauli ya treni kwenda Nairobi mara mbili, maana mara ya kwanza nilirudishwa kwa kuwa barua ya benki haikuwa na tarehe. Yuro moja nilikuwa naihesabu shilingi 150. Mwenye nia ya kwenda aanze mapema kuliko anavyodhani inatosha, na kila karatasi aitazame tarehe kabla ya kupanda treni.

Siku ya 1, Jumapili 12 Oktoba. Mombasa hadi Addis Ababa

Hakuna la kusimulia ila chai iliyomwagika.

Siku ya 2, Jumatatu 13 Oktoba. Milano hadi Mestre

Niliteremka Malpensa asubuhi. Kutoka uwanjani hadi stesheni kuu ya Milano ni treni ya karibu saa moja. Hapo nikakata tiketi ya treni za mkoa, zile za polepole, nibadilishe Verona. Zile za kasi zinafika kwa saa mbili na ushei, lakini ukinunua siku ile ile bei yake inauma. Nililipa yuro ishirini na kitu.

Treni ya kwanza ikasimama shambani. Hakuna aliyeuliza kitu, kila mtu akatoa simu. Tulikaa dakika 70 tukiangalia mahindi yaliyokwisha vunwa, na Verona nikaikosa ya kuunganisha. Jirani yangu, bibi mmoja aliyebeba kuku wa kuokwa kwenye mfuko wa karatasi, aliniona nikipekua ubao wa saa. Alinishika mkono bila kusema neno, akanipeleka mpaka jukwaa lenyewe, akanionyesha kwa vidole: namba nne, dakika kumi. Kisha akanisukuma begani kama mama anavyomsukuma mtoto aingie darasani.

Angalizo kwa waendao: tiketi ya karatasi ya treni za mkoa huigonga kwenye kimashine kidogo kabla hujapanda. Usipoigonga, hata kama umelipa, faini ni yako. Jamaa mmoja Mturuki alitozwa mbele ya macho yangu huku ameishika tiketi halali.

Nililala Mestre, ng'ambo ya bara, kwa sababu Venice yenyewe chumba cha bei yangu hakipo. Nilifika saa tano usiku. Mwenye nyumba alikuwa amenitumia namba za siri za kufungulia mlango, na mlango ukazikataa mara sita. Mvua ya manyunyu, begi, na simu asilimia 4. Kando kulikuwa na kiduka cha Wabangladeshi (mtaa ule wamejaa, utadhani uko mji mwingine kabisa). Kijana wa dukani akaniita "apa", neno la dada mkubwa kwa lugha yao, akanichomekea simu, akampigia mwenye nyumba, akamfokea kwa Kitaliano cha haraka. Kumbe nilitumiwa namba za mgeni aliyetangulia. Chai ya maziwa na iliki alinipa bure. Kila usiku uliofuata nilinunua maji kwake hata kama sikuwa na kiu.

Siku ya 3, Jumanne 14 Oktoba. Giardini

Kutoka Mestre kuna treni ya dakika kama kumi, au tramu na basi hadi Piazzale Roma, nilikolipa yuro 1.50. Ukishavuka ndipo mambo yanapogeuka: vaporetto, yaani basi la majini, tiketi moja ilikuwa yuro 9.50 kwa dakika 75. Sisi tuliozoea feri ya Likoni ya bure tunaona kama tumeibiwa. Nilichukua pasi ya saa 72 kwa yuro 45, na nikaipanda mpaka makalio yakafa ganzi.

Tiketi ya maonyesho ilikuwa yuro 30, nayo ilikuingiza sehemu zake kuu mbili, Giardini mara moja na Arsenale mara moja, siku tofauti ukitaka. Ya siku tatu ilikuwa 40. Mimi nilichukua ya siku tatu na sikujuta. Wasiozidi miaka 26 na wanafunzi walilipa 16. Jumatatu palifungwa, ndiyo maana sikujali kuchelewa kwangu jana. Na mwezi wa Oktoba walifunga saa kumi na mbili jioni, si saa moja kama majira ya joto.

Giardini ni bustani yenye miti mikubwa, na ndani yake mataifa yamejenga nyumba zao za kudumu, kila moja kwa tabia yake. Ubelgiji walitangulia, 1907. Waingereza wakafuata 1909. Korea Kusini walikuwa wa mwisho kupata kiwanja, 1995, na sasa Qatar wamekubaliwa. Mwaka huu walisimamisha pale jengo la mianzi la Yasmeen Lari wa Pakistan, na nilikaa chini yake kula mkate wangu. Mwafrika mwenye nyumba yake humo ni Mmisri peke yake. Mataifa 66 yalishiriki mwaka huu, lakini wasio na nyumba Giardini hupewa sehemu Arsenale au hujikodia ukumbi mjini. Nilijikuta nikizitazama zile nyumba kama ninavyotazama viwanja vya ufuo wa Nyali: aliyefika zamani amekaa mbele.

Banda kuu lilikuwa limefungwa kwa ukarabati. Wafaransa nao walikuwa kwenye ukarabati, wakajenga jukwaa la vyuma nje ya nyumba yao. Wadenmark ndio waliniua mbavu: walikuwa wanakarabati nyumba yao, basi wakaifanya kazi yenyewe iwe maonyesho, vifusi vyao wakavigeuza meza na sakafu. Ningejua kwamba fundi kuchelewa kumaliza kunaweza kupelekwa Venice, ningeshapeleka nyumba tatu za Bamburi.

Wapoland walinigusa zaidi. Banda lao linauliza watu hufanya nini ili wajisikie salama nyumbani. Ukutani wameweka kizima moto chekundu ndani ya kidaka kilichonakshiwa vigae, kama mtu alivyozoea kuweka sanamu ya mtakatifu. Kwetu msingi hauchimbwi bila kuchinja, na juu ya mlango huandikwa Ayatul Kursi, kisha injinia anakuja kudai kizima moto. Nimeyachora hayo yote kwenye ramani miaka kumi na minane, ila sikuwahi kuyaona yamewekwa ndani ya kidaka kimoja.

Halafu nikapanda kijilima.

Nyumba ya Waingereza iko mwisho wa njia, juu, na nguzo zake mbele kama mahakama ya zamani. Safari hii nguzo zilivikwa shela ya ushanga, mashada marefu yaning'iniayo, mazito: makaa ya kubana ya mabaki ya mashambani, udongo wa kuchoma, na vioo vyekundu, vilivyotengenezwa Kenya na India, kwa mawazo ya manyatta za Wamaasai. Nilisogea mpaka pua ikakaribia. Kwenye punje moja ya udongo kulikuwa na alama ya kidole cha aliyeifinyanga. Msichana wa zamu akakohoa, nikarudi nyuma.

Ndani, chumba cha katikati kinaonyesha anga mbili kwa pamoja, ya London na ya Nairobi, nyota zilivyokaa tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru wa Kenya. Nilisimama kidogo nikajaribu kukumbuka mama alikuwa na umri gani usiku ule. Saba. Kisha Bonde la Ufa, ambalo ndilo uti wa mgongo wa banda zima. Na kisha pango.

Wamelisuka. Pango la Shimoni, lile lile walimofungwa watu kabla ya kupakiwa majahazini kupelekwa Unguja, limesukwa kwa henzirani, kipande chake, kuta na dari, kwa kufuata vipimo vyake halisi. Unalitazama kwa macho ya kazi unaona fito zimepinda zikapishana kama ubavu wa dema la samaki. Mwanga unapenya kila tundu. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka. Nilichokitafuta sikukijua mpaka nilipokikosa: harufu. Pango letu linanuka popo na maji yaliyolala, na ukiingia mlango unaokuja na mawimbi yakikaribia unasikia baridi shingoni. Hili lilinuka kitanda kipya.

Sisemi kwa kulaumu. Nadhani jiwe zito likisukwa kwa fito unaweza kulitazama bila kuinamisha kichwa, na sijui kama hilo ni jema au baya. Niliketi sakafuni nikampigia mama kwa video.

"Mama, ona. Shimoni hii."

Akaleta uso karibu na simu, nikaona kipaji na nusu ya leso. "Mbona linatoboka?"

"Limesukwa, Mama."

"Na vyuma viko wapi?"

Vyuma ni zile pete za minyororo zilizobaki kwenye jiwe, ambazo kila mtoto wa Shimoni ameonyeshwa. Nikamwambia sijaviona. Akanyamaza, kisha akasema nisikae sakafuni, nitapata baridi ya tumbo.

Chumba kingine cha banda hilo hilo kina kazi ya Thandi Loewenson iitwayo kaburi la Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa na maiti yake ikayeyushwa kwa tindikali hata kaburi likakosa cha kuzikwa, mpaka Ubelgiji iliporudisha jino lake 2022. Mbele yangu alisimama baba mmoja na watoto wawili, akiwaeleza, na nikasikia "jino".

"Ndugu, Kiswahili hicho?" nikamuuliza.

"Eh, yaya! Unatoka wapi?"

Yeye ni wa Bukavu, anaishi Brescia, amekuja kwa treni ya asubuhi. "Niliona banaandika Lumumba, njo nikasema batoto baone." Tulikaa nje kwenye ngazi, wakanigawia ndizi na biskuti. Mtoto wake wa kike hakukijua Kiswahili changu vizuri wala mimi chake, tukaelewana kwa biskuti. Aliniuliza kwa nini Kenya inaonyesha vitu vyake katika nyumba ya Uingereza. Babake akacheka akaniangalia mimi, kama kwamba swali ni langu. Nikamwambia Kenya mwaka huu haikuleta banda lake. Akasema basi ni kama kulala kwa shangazi. Nikasema ni shangazi mwenye historia ndefu na sisi. Sikuwa na jibu bora, na mpaka leo sina.

Waingereza, kwa taarifa yenu, walipewa sifa maalumu na majaji kwa banda hilo. Nilipolisikia hilo nilipiga kofi peke yangu kwenye boti.

Siku ya 4, Jumatano 15 Oktoba. Arsenale

Arsenale ni gati kongwe la kuunda merikebu za Venice, na maonyesho makuu yamo ndani ya karakana ya kusokota kamba, Corderie, urefu wake mita 317. Vaa viatu vya kazini. Mratibu mwaka huu ni Carlo Ratti, na jina alilotoa ni "Intelligens": akili ya asili, ya bandia na ya pamoja.

Chumba cha kwanza kiko gizani. Juu yako zimening'inizwa mashine za kupozea hewa, mgongo wake ukikuelekea wewe, zinatema joto, na chini kuna vidimbwi vya maji meusi. Maana yake: ubaridi wa chumba kingine ni joto la mwingine. Watu waliingia wakishusha pumzi, wakipepea karatasi, bwana mmoja akatoka mbio. Mimi nilifungua mtandio kidogo nikasimama zangu. Hewa ya Mombasa mwezi wa Februari, kwenye ngazi za nyuma za duka lenye viyoyozi vinane! Ndipo mahali pekee katika safari nzima ambapo mwili wangu ulipaona ni nyumbani.

Baada ya hapo ni msongamano. Washiriki walizidi 750, na kila mmoja ana lake la kusema. Karibu na kila maelezo marefu wameweka muhtasari mfupi ulioandikwa na akili bandia. Kufika saa sita mchana nilikuwa nasoma muhtasari tu, kufika saa nane nikawa nasoma majina. Kuna roboti na mchonga mbao wa Bhutan wakichonga gogo. Kuna kuta za matofali ya mavi ya tembo, za Boonserm Premthada wa Thailand, zisizonuka kitu. Shauri langu: usijaribu kuona vyote. Chagua vitano, vingine vipite kama miti ya njiani.

Kimoja kati ya vitano vyangu kilikuwa cha Tosin Oshinowo kuhusu masoko ya Lagos yaliyojipanga yenyewe: Ladipo la vipuri vya magari, Computer Village la simu na kompyuta, na Katangowa la mitumba. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kote. Hakuna mchoraji ramani aliyechora soko letu la Kongowea lilivyo leo, na hata hivyo mtumba una njia yake, kitunguu kina njia yake, na mkokoteni haugongani na mama lishe. Msanifu huyu amechukua penseli akaichora akili hiyo badala ya kuifukuza. Majaji nao walimpa sifa maalumu.

Wabahraini ndio walioshinda Simba wa Dhahabu wa mataifa. Banda lao la "Heatwave" ukiliona kwa haraka utauliza kwa nini: sakafu, nguzo moja katikati, na dari iliyobebwa na hiyo nguzo peke yake. Kumbe ni kivuli cha kuwapozea vibarua wa mijengo, hewa ipoe chini ya ardhi na joto litoke juu kwa bomba linalopashwa na jua. Venice hairuhusu kuchimba, basi hewa ilipulizwa kwa mashine. Nilifikiria mafundi wangu wanaolala chini ya mti wa mkungu saa saba mchana. Hilo nalo ni banda, na limeshajengwa.

Waomani walishiriki usanifu kwa mara ya kwanza, na walileta habari ya sabla, mahali pa wanaume kukutania na kuamua mambo ya mtaa. Mtu wa Mji wa Kale akisoma hapo anaona baraza, tofauti ni jina tu. Nilitaka kumtafuta Mwomani wa kumwambia, nikamkosa.

Nje kwenye maji kulikuwa na mkahawa uliotunukiwa Simba wa Dhahabu, wa Diller Scofidio + Renfro na wenzao. Maji yale yale ya pale nje, yapitayo boti, yalichujwa, sehemu yake kwa mimea ya maji chumvi, kisha yakatengenezwa kahawa. Foleni ilinishinda. Nilikwenda kunywa kahawa ya kawaida kwenye kibanda cha mtaani kwa yuro 1.30, nimesimama. Ukikaa kitini bei hupanda, uliza kwanza.

Chakula cha jioni kilikuwa sadini wa kukaanga walioloweshwa vitunguu, siki na zabibu kavu, na pembeni kipande cheupe cha polenta. Nikakionja. Ugali! Ugali wa sembe uliolala, ukakatwa, ukachomwa. Mhudumu alidhani sikupenda kwa jinsi nilivyocheka. Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa mvinyo, samaki ni salama lakini uliza mchuzi umepikwa na nini. Siku zingine nilikula biriani ya Mestre kwa yuro 8.

Siku ya 5, Alhamisi 16 Oktoba. Mabanda ya mjini

Mabanda yaliyotawanyika mjini mengi hayana kiingilio, na unayafuata kwa vichochoro mpaka unapotea. Kupotea ni bure pia.

Togo nao walikuwa wageni wa mwaka huu, kwenye Squero Castello. Walionyesha majengo yao kuanzia mapango ya Nôk na ngome za udongo za Tamberma hadi nyumba za Waafrika waliorudi kutoka Brazili na mahoteli makubwa ya baada ya uhuru. Chumba kidogo, picha zilizopangwa kwa upendo. Pango tena, nikasema.

Lakini siku yangu ilimalizikia kwa Vatikani. Wamechukua jengo kuukuu la Santa Maria Ausiliatrice, na maonyesho yao, "Opera Aperta", ni kulikarabati mbele ya wageni. Jukwaa la vyuma, vitambaa, vumbi, na mahali pengine wanafunzi wa muziki wanafanya mazoezi, filimbi inalia ukuta wa pili. Wakafurahi wengine kwa filimbi. Mimi nilimfuata mpiga lipu.

Alikuwa mzee mfupi mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi, anajaza ufa wa ukuta kwa chokaa. Si simenti. Nilimjua kwa mwiko: alikuwa anaukandamiza, hautelezeshi. Nikamwonyesha mikono yangu kama ninachukua udongo na kuunusa. Akaelewa, akaninyoshea donge. Laini, baridi, na ndani chembe za tofali lililotwangwa. Nikamtolea simu, picha ya ukuta wa nyumba ya babu yangu, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kando tanuu la kuchoma chokaa Lamu. Alivaa miwani. Akakuza picha kwa vidole vyenye chokaa, kioo cha simu yangu kikachafuka, akafika kwenye boriti akasema neno ambalo sikulijua na akaonyesha chini ya miguu yetu. Miti. Mji wote umesimama juu ya miti iliyopigiliwa matopeni. Chini ya kanisa la Salute peke yake, wanasema, nguzo zinazidi milioni 1. Sisi tumeweka boriti darini, wao wameziweka kaburini, na maji ya chumvi yanatudai sote.

Alinipa donge dogo ndani ya kikaratasi. Uwanja wa ndege wakanihoji juu yake karibu nusu saa.

Siku ya 6, Ijumaa 17 Oktoba. Murano

Mama alikuwa na agizo moja: ushanga. Wa kwao, si wa plastiki. Bibi yake alikuwa na kamba ya ushanga wa kiunoni ambao familia inaamini ulitoka Ulaya, na hilo haliko mbali na ukweli, maana ushanga wa vioo wa Venice ulikuwa ukiteremshwa pwani yetu, ukapandishwa bara kwa misafara, ukalipia pembe, na ukalipia watu pia.

Vaporetto hadi Murano pasi inatosha. Kisiwani maduka ni mengi na mengine yanauza vitu vilivyotoka mbali sana na Murano. Tazama kibandiko cha "Vetro Artistico Murano" na usione haya kuuliza. Niliingia karakana moja ndogo, mwanamke ameketi mbele ya mwali wa gesi, fimbo ya kioo mkono wa kushoto, waya mkono wa kulia. Kioo kikalegea kama asali, akakizungusha kwenye waya, akagusa doa jeupe, akagusa doa la buluu, akazungusha. Punje moja, dakika kama nne. Nikamwuliza kwa kuonyesha, kamba nzima ya kiuno? Akaandika bei kwenye karatasi. Nikanunua punje moja nyekundu, yuro 6.

Jioni nikarudi Giardini. Nilibaki na saa moja. Sikuona kipya, nilikwenda moja kwa moja kijilimani. Msichana wa zamu ni yule yule. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba Shimoni maana yake ni mahali penye shimo, na kwamba kijiji kizima kimepewa jina la lile tundu. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Siku ya 7, Jumamosi 18 Oktoba. Kurudi

Treni, uwanja, mahojiano ya donge, ndege. Kijana wa duka la Mestre aligoma kupokea pesa ya maji.

Baada ya wiki: Shimoni

Kutoka Mombasa ni feri, matatu ya barabara ya Lunga Lunga, unashuka njia panda ya Kanana, kisha bodaboda. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nilimwekea ile punje kiganjani. Akaigeuza juani, akaipitisha tundu jichoni kama anatazama ndani, akaipiga kwa ukucha asikie mlio.

"Moja tu?"

"Moja, Mama. Ghali."

Akaifunga kwenye pindo la leso, fundo mbili, akarudi kwenye mchele. Kisha akaniambia nivue viatu twende pangoni kabla maji hayajajaa, nikamwonyeshe sehemu gani hasa waliyoisuka.